Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu waya: gari, boda, boti na umeme wa nyumbani hapa Mwanza

Kabla ya yote, mimi sio fundi wa kusomea. Nilikuwa na Hiace ya zamani iliyokuwa inazima ovyo, nikachoka kulipa watu wanaobadilisha vitu vizima, nikanunua multimita ya bei ndogo pale mjini nikaanza kupima mwenyewe. Sasa hapa Nyakato majirani wananiletea mpaka pasi na feni, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote. Karibu kila jibu utakuta linaishia sehemu moja, maungio. Kifaa chenyewe mara nyingi ni kizima, kilichooza ni pale waya unapokutana na waya mwenzie au na chuma.

Niwe na vifaa gani vya kuanzia?

Multimita, hata ya bei chee. Plaizi nzuri, bisibisi bapa na ya nyota, testa ya umeme wa nyumbani, kipande cha msasa, tepu nyeusi, na balbu ya breki ya gari ya wati 21 iliyoungwa waya mbili ndefu. Hiyo balbu ntaieleza chini, usiidharau. Ukiweza ongeza na vile vimpira vinavyonywea ukivichoma na kiberiti, vinavalishwa kwenye kiungo badala ya tepu, maana tepu kwa joto la injini inayeyuka gundi na baada ya miezi kadhaa inaning'inia kama kamasi.

Fyuzi ya gari inaungua kila nikiweka mpya, naweza kuweka kubwa zaidi au karatasi ya sigara?

Hapana, na najua wengi mnafanya. Fyuzi haipo kulinda redio yako, ipo kulinda waya usiwake moto ndani ya dashibodi. Ukiweka ya ampea 30 palipotakiwa 10 basi kitakachoungua badala ya fyuzi ni waya wenyewe. Rangi zinasaidia, nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Angalia kifuniko cha boksi la fyuzi kinasema nini na uweke hiyo hiyo.

Sasa kutafuta shoti ilipo ndo ile balbu inakuja. Toa fyuzi iliyoungua, chomeka waya mbili za balbu pale fyuzi inapokaa, moja kila upande. Kama kuna shoti balbu itawaka kwa nguvu, na haitaunguza kitu maana balbu ya wati 21 inapitisha chini ya ampea 2 tu. Halafu wewe zunguka, chomoa soketi moja moja, tingisha waya, nyanyua kapeti, cheza na waya zinazopita kwenye bawaba ya mlango wa nyuma. Siku ukigusa mahali balbu ikafifia au ikazima, umefika. Kwenye Hiace yangu ilikuwa waya wa taa ya namba, ulikuwa unafungwa na mlango wa nyuma kila siku mpaka ukachunika, na hapo nilikuwa nimeshaunguza fyuzi pakiti nzima.

Taa za mbele hafifu kama mshumaa na balbu ni mpya, shida nini?

Volti zinapotea njiani. Washa gari, washa taa full, pima kwenye betri, tuseme unapata 14. Halafu pima pale pale kwenye soketi ya balbu ikiwa imechomekwa na inawaka. Ukipata 11 na kitu ujue volti karibu 3 zimeliwa na swichi iliyochakaa, waya mwembamba au ethi mbovu (kwenye gari ethi ni ile njia ya chuma cha bodi na waya wake inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri). Usipime balbu ikiwa imechomolewa maana hapo utasoma volti zote hata kama waya umebaki unyuzi mmoja, umeme usipotembea hakuna kinachopotea.

Dawa ya kudumu ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme kidogo halafu yenyewe inapitisha umeme mwingi. Taa mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi, na kwenye magari mengi ya zamani zote zinapita kwenye kaswichi ka usukani. Rilei ya kawaida ina miguu minne iliyoandikwa namba: 30 inatoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 85 na 86 ni za kuamsha rilei yenyewe, moja unaipa ule waya wa zamani wa taa na nyingine ethi. Waya wa 30 na wa 87 usiwe mwembamba, weka wa 2.5 (unene kwa milimita za mraba), na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio karibu na taa. Kuna magari mengi ya Japan ambayo swichi ya taa inakata upande wa ethi na chanya ipo pale muda wote, kwa hiyo pima kwanza kabla hujaunga kwa kukariri.

Gari inapiga "tik" haiwaki, nimebadilisha betri bado.

Hii imenila hela kuliko zote. Nilibadilishiwa betri, nikabadilishiwa stata, fundi akaanza kuisemea vibaya altaneta. Mwisho wa siku ilikuwa ule mkanda wa ethi kutoka bodi kwenda injini, umekaa kutu chini ya boliti, kutu yenyewe huioni mpaka ufungue. Nikaupiga msasa, nikafunga, nikapaka grisi juu, gari ikawaka kama imetoka bandarini.

Namna ya kupima: multimita weka volti 20 za DC, waya wake mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri (nguzo yenyewe, sio kile kichwa kinachoishika), mwingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mwambie mtu apige stata. Ikisoma sifuri nukta moja au mbili safi. Ikizidi nusu volti ethi yako imeoza, na usinunue kitu chochote kabla hujasafisha. Rudia hivyo hivyo upande wa chanya, nguzo ya betri mpaka kwenye boliti nene ya stata.

Betri inalala nzima inaamka imekufa.

Kuna kitu kinakunywa usiku. Kwanza hakikisha inachajiwa, injini ikiwa inaunguruma betri isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi, na ikiwa imepumzika masaa kadhaa isome 12.6 kama imejaa. Ikisoma 12 kamili hiyo imeshaisha.

Kama chaji ipo, zima kila kitu, funga milango, legeza kichwa cha hasi, na uweke multimita katikati ya nguzo na kile kichwa ukiwa kwenye tundu la ampea 10. Usipige stata ukiwa umeunga hivyo, fyuzi ya ndani ya multimita itaondoka. Subiri nusu saa hivi gari za kisasa zilale. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ukiona nusu ampea, piga hesabu, masaa 24 ni ampea-saa 12, betri ya 60 haifiki siku ya nne kabla haijagoma. Halafu chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Kwa daladala na bajaji za huku mshukiwa wa kwanza ni sabufa iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri na vile vitaa vya mapambo, tena mwenyewe anabisha kabisa kwamba anazimaga.

Boda yangu indiketa zinapepesa mbio sana upande mmoja.

Balbu moja ya upande huo imekufa au ethi yake imekatika. Kama umeweka balbu za LED ndo hivyo, flasha ya zamani (kile kidude kinachopepesa indiketa) inategemea umeme unaovutwa na balbu, nunua flasha ya LED.

Na boda inayounguza balbu kila wiki je?

Regyuleta, kile kifaa kinachozuia chaji isizidi. Weka multimita kwenye betri, vuta mafuta, ikipanda juu ya 15 na kuendelea, regyuleta imekufa au ethi yake imelegea. Anza na ethi, ni bure.

Kuna kingine cha boda ambacho watu wanahangaika nacho wiki nzima: ukikata kona kushoto pikipiki inazima, ukinyoosha inawaka. Huo ni waya umekatikia ndani kwenye shingo ya usukani. Nje plastiki ni nzima, ndani kopa imekatika kwa kukunjwa kila siku. Shika waya moja moja uivute taratibu, ile inayonyumbuka kama mpira ndo yenyewe, kopa nzima hainyumbuki.

Kuunga waya, nisokote na tepu, nilehemu, au?

Kusokota na tepu ni ya kukufikisha nyumbani. Kulehemu kwa risasi ni kuzuri kwenye redio na vitu vilivyotulia, ila kwenye gari na boda kuna mtego, pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu kama msumari, ukitikisika sana unakatikia hapo hapo pembeni ya kiungo. Ukilehemu basi vaa kimpira na ufunge waya kwenye waya wenzake usiachwe unacheza. Vile viungio vya kubana na plaizi maalumu vikibanwa sawasawa ni bora kwa barabara zetu, na ubane halafu uvute kwa nguvu, ikichomoka bora ichomoke mkononi mwako kuliko njiani Usagara usiku.

Nyumbani ni tofauti. Kiungo kikae ndani ya boksi lenye konekta za skrubu na kifuniko, mahali panapofunguka. Usifukie kiungo ndani ya plasta. Na usiunge kopa na alumini moja kwa moja, zinakulana na kiungo kinachemka.

Sisi wa dagaa, taa za boti zinazima katikati ya ziwa.

Hili swali linatoka sana soko la samaki la Mwaloni na watu wa visiwani. Siku za karabai shida ilikuwa mafuta na vile vikapu vya utambi, sasa hivi ni LED na betri na shida imehamia kwenye waya. Maji ya ziwa sio chumvi kama ya Dar lakini usidanganyike, waya unaolowa kila usiku wa giza halafu unakauka juani, na chanya na hasi zimekaa karibu, unaoza haraka sana. Ukichuna utaona kopa imekuwa nyeusi au ya kijani, na ule ukijani unapanda ndani ya plastiki kama maji kwenye utambi, unaweza kuta umepanda shibiri nzima. Kuunga juu ya kopa nyeusi ni kazi bure, kesho itazima tena. Kata, chuna, kata tena, mpaka ufike kopa inayong'aa. Ndo maana siku zote acha waya mrefu wa akiba kwenye boti.

Ukishaunga, jaza grisi ndani ya kimpira kabla hujakichoma, au kama huna, paka grisi kiungo kizima halafu tepu kwa kuvuta, ukianzia chini kwenda juu ili maji yateleze yasiingie kwenye mikunjo. Kiungo kikae juu, waya ushuke chini kidogo kabla haujaingia kwenye taa, maji yadondokee pale kwenye mkunjo badala ya kuingia ndani. Fyuzi pale kwenye betri ni lazima kwa boti kuliko hata kwa gari, huna pa kukimbilia moto ukiwaka. Na betri za maji zikichajiwa zinatoa gesi inayolipuka, kwa hiyo usichaji ndani ya chumba mnacholala na usiwashe sigara juu yake, nimeshaona betri iliyopasuka kifuniko, tindikali ilifika mpaka ukutani.

Soketi ya ukutani inapata joto na imepiga weusi.

Skrubu ya nyuma imelegea. Zima meni swichi, sio swichi ya soketi tu. Halafu pima na testa, na testa yenyewe ijaribu kwanza mahali unapojua kuna umeme, maana testa iliyokufa itakwambia kila kitu ni salama. Fungua soketi, kata sehemu iliyoungua, chuna upya, kaza. Soketi iliyoungua plastiki itupe, haifufuki.

Halafu jiulize unachomeka nini. Birika la wati 2200 kwenye volti 230 linavuta kama ampea 9 na nusu, pasi ya wati 1200 inavuta 5. Zote mbili kwenye ekstensheni moja ya waya mwembamba wa 0.75, ambao unabeba ampea 6 hivi, hiyo ekstensheni ni jiko. Na ikiwa umeizungusha mviringo chini ya kochi ndo kabisa joto halitoki. Waya wa ukutani wa soketi uwe 2.5, wa taa 1.5, jiko na hita ya maji ziwe na waya wao mnene peke yao mpaka kwenye boksi la breka.

Plagi ina fyuzi ndani, niweke ipi?

Kifaa chini ya wati 700 kama TV, redio, taa, weka ya 3. Pasi, birika, weka ya 13. Friji acha iliyokuja nayo kwa sababu kompresa ikianza inavuta kwa mkupuo. Na wale wa kuchomeka peni kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie, lile tundu la juu ni la ethi (nyumbani ethi ni waya wa usalama unaoenda ardhini) na ndo linafungua milango ya tundu zenye umeme, nunueni adapta jamani ni hela ya soda.

Nikigusa friji inanitekenya, hasa nikiwa peku.

Usizoee. Kuna umeme unavuja kwenye bodi ya friji na ethi yako haifanyi kazi, ingekuwa nzima usingesikia kitu. Anza na plagi, fungua uone kama waya wa kijani na njano umekaa kwenye mguu wa juu au ulishakatwa na mtu. Kisha soketi. Kama vyote vizima shida ipo nje, kwenye fimbo ya ethi.

Na hapa Mwanza hii fimbo ina hadithi yake. Nusu ya mji umejengwa juu ya mawe, ukienda Igogo, Mabatini, milima ya Kirumba, fundi anapiga fimbo ya ethi ya futi 4, inashuka futi moja inagonga jabali. Anafanya nini? Anaikata. Anafukia kipande, anaunga waya, kwa macho kila kitu kipo. Mwamba mkavu haupitishi umeme wa maana, kwa hiyo nyumba ina ethi ya picha. Mwezi wa 7 na wa 8 ardhi ikikauka ndo inazidi, mvua ikinyesha friji inaacha kutekenya na watu wanadhani imepona. Kwenye mawe unachimba mtaro mahali penye udongo na unyevu, chini ya bomba la bafu kwa mfano, unalaza waya wa kopa mnene mrefu ardhini, au unapiga fimbo kadhaa umbali umbali na kuziunga pamoja. Hiyo kazi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na mwambie aipime kwa kifaa mbele yako.

Pamoja na hiyo weka ile breka yenye kitufe kilichoandikwa T, ya miliampea 30. Inakata umeme ukianza kupita kwenye mwili wa mtu kabla moyo haujasimama. Ibonyeze kitufe kila mwezi, isipokata ibadilishe.

Rangi za waya zimenichanganya.

Nyumba za zamani nyekundu ni laini (waya unaoleta umeme), nyeusi nyutro (unaorudisha), kijani ethi. Za sasa kahawia laini, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Nyumba ya kupanga usiamini rangi yoyote, pima.

Feni inanguruma haizunguki.

Isukume na kijiti. Ikishika kuzunguka yenyewe basi ni kapasita, kale kaboksi keusi, kwa feni ya juu huwa mikrofaradi 1.5 mpaka 2.5. Nunua yenye namba ile ile na volti zisizopungua. Umeme ukiwa umezimwa, kabla hujashika miguu yake iunganishe na bisibisi yenye mpini wa plastiki, inaweza kuwa imebakiza chaji. Isipozunguka hata ukisukuma, bushi zimekauka, oili tone moja.

Radi zinaunguza TV zetu, kuna dawa?

Ziwa letu usiku linatengeneza radi nyingi ajabu. Dawa ni kuchomoa. Sio kuzima swichi, kuchomoa, na waya wa dishi pia, watu wanachomoa umeme wanaacha antena halafu wanashangaa. Gadi ya friji inasaidia umeme ukipanda na kushuka na inachelewesha dakika chache kompresa isiwake ghafla, ila radi ya karibu haiizuii.

Vitu gani wewe mwenyewe hugusi?

Mita ya LUKU na waya wa kutoka nguzoni, ile ni ya TANESCO na lakiri yake usiikate. Maikrowevu, kapasita yake inaua hata ikiwa imechomolewa. TV za kichogo. Kwenye gari, soketi za njano za eabegi, na nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye Prius, Aqua na hybridi zingine, zile ni volti mia kadhaa sio 12. Na nyumba iliyoingia maji. Mvua kubwa za mwezi wa 4 mto Mirongo ukifurika watu wanarudi ndani wanawasha taa waone hasara. Zima meni swichi kabla hujaondoka, na kama maji yaliingia ukiwa haupo, usiikanyage ile sakafu kuifuata swichi, piga TANESCO wakate nguzoni.

Nikishatengeneza nitajuaje imekaa sawa?

Tumia kifaa nusu saa kwa mzigo wote, kisha zima, na kama ni cha umeme wa nyumbani zima na meni, halafu shika kila kiungo ulichogusa kwa mgongo wa mkono. Cha moto kifungue ukirudie.